WAYA WA DISHI USIOTUMIKA: UTOE, LAKINI UBAKI MZIMA!

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wanafunzi wa sekondari wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe. Tumeyaweka hapa kama yalivyo ili nawe uyasome, kisha umsomee mwenzako.

 

Najua mmezoea kwamba mtu wa afya akisimama mbele yenu atazungumzia malaria, UKIMWI, mimba za utotoni au usafi wa choo. Leo nazungumzia waya. Ndiyo, waya! Ule mweusi au mweupe unaoning'inia ukutani kwenu tangu dishi la zamani lilipoacha kutumika. Tena nakuomba sasa hivi ujiulize: nyumbani kwetu upo? Umeanzia wapi na unaishia wapi?

Unaweza kusema, "Jamani, waya na afya wapi na wapi?" Sikiliza. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya paa ni mgonjwa. Aliyepigwa na umeme ni mgonjwa, kama amebahatika kubaki hai. Aliyekanyaga msumari wenye kutu akapata pepopunda ni mgonjwa. Wote hao wanaweza kutokana na waya mmoja ambao watu wa nyumbani walisema, "Uache tu, hauna shida."

HUO WAYA UMEFIKAJE HAPO?

Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake vya televisheni mwaka 1994, Dar es Salaam. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973. Kwa sisi wa huku milimani, aliyetaka kuona picha miaka ile ya tisini alisimika dishi kubwa uani, pana kuliko mlango wa sebule. Baadaye zikaenea antena juu ya milingoti. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa kwa upande wa Mbeya, watu wakakimbilia ving'amuzi. Wengine wakanunua antena mpya, wengine dishi dogo. Ukihama kampuni moja kwenda nyingine, fundi anakuja na dishi lake na waya wake. Na siku hizi wapo wanaotazama mpira kwenye simu, dishi wamelisahau kabisa.

Kwa hiyo nyumba moja pale Kiwira au Katumba inaweza kuwa na nyaya za vizazi vitatu: wa babu, wa baba na wa kaka. Unaofanya kazi ni mmoja tu. Hizo nyingine mbili zinafanya nini? Mama anaanikia nguo, watoto wanabembea, panya wanapitia kuingia darini.

HATARI YAKE NI NINI?

Ya kwanza ni kuanguka. Hii ndiyo naiogopa kuliko zote, na ndiyo vijana wengi hawaifikirii. Mnafikiria umeme tu. Lakini mabati ya Rungwe yana umande asubuhi, yana ukungu, yana kuvu ya kijani, na mvua huku kwetu ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Bati lenye unyevu linateleza kama ganda la ndizi. Halafu kuna ngazi zetu za mianzi zilizofungwa kwa kamba, zimekaa nje misimu miwili. Mita tatu tu zinatosha kumvunja mtu shingo.

Ya pili ni umeme. Waya wa dishi wenyewe hubeba umeme mdogo. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita elenbii. Volti hizo peke yake si za kumwua mtu. Noma inaanza pale waya huo unapokutana na umeme wa nyumba, ambao ni volti 230. Unakutana nao vipi? Umefungwa pamoja na nyaya za taa darini, panya wametafuna ganda la nyaya zote mbili. Au fundi wa haraka alipigilia msumari ukapenya waya wa umeme ukutani. Au waya unaotoka kwenye nguzo umechubuka na kugusa bati, na waya wa dishi umelala juu ya bati hilohilo. Hapo waya uliokuwa mpole umegeuka nyoka.

Mnaosoma fizikia, fanyeni hesabu hii. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 hupitisha ampea 0.26 hivi. Mkondo wa ampea 0.03 tu ukipita kifuani kwa mtu unaweza kuhatarisha maisha yake. Yaani, kinachowasha balbu moja ni zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Na ngozi iliyolowa huupitisha umeme kirahisi zaidi kuliko ngozi kavu.

Kuna jambo jingine. Huenda umewahi kugusa king'amuzi au ncha ya waya wake ukahisi kama unatekenywa. Mara nyingi ni umeme kidogo unaovuja kutoka ndani ya kifaa, na ukiwa sebuleni unashtuka tu, unacheka. Sasa fikiria umeshtuka hivyohivyo ukiwa juu ya ngazi. Utaachia mikono. Umeme haukukuua, ila ardhi itakupokea.

Ya tatu ni radi. Wilaya yetu ina milima, mvua na ngurumo. Dishi juu ya paa au mlingoti wa chuma, pamoja na waya unaoingia hadi sebuleni, ni njia ya kuileta radi ndani. Hata kama waya haujachomekwa popote, radi ikipiga mlingoti inaweza kuufuata waya, kisha ikaruka kutoka kwenye ncha yake hadi kwenye kitu au mtu aliye karibu. Ndiyo maana waya usiotumika si wa kuachwa tu.

Ya nne ni maji. Mvua hutembea juu ya waya kama mtoto anavyoteleza kwenye kamba. Inaingia kwenye tundu la ukuta, inalowesha dari, na siku moja inafika kwenye soketi.

KABLA YA KUANZA

Kwanza uliza waya ni wa nani. Kama mmepanga, dishi linaweza kuwa la mwenye nyumba au la mpangaji wa chumba cha pili. Ukikata waya wa mtu siku ya mechi, hilo nalo ni ajali!

Pili, ufuate waya kwa macho, usiushike bado. Anzia kwenye dishi, shuka nao hadi mwisho. Chora picha kwenye daftari: unapita wapi, umefungwa na nini, unaingia ukuta gani. Waya wa dishi ni wa mviringo, unene wake unakaribia wa penseli. Ukiutazama kwenye ncha, katikati kuna waya mmoja wa rangi ya shaba, unazungukwa na kitu cheupe, halafu nyuzi nyembamba za chuma, halafu ganda la nje. Lakini usiamini rangi ya ganda. Waya wa umeme nao unaweza kuwa mweupe au mweusi. Na ukiona waya unaoshuka hadi kwenye fimbo ya chuma ardhini, huo ni waya wa ethi. Huo unalinda nyumba, usiuguse.

Tatu, tazama nyaya za TANESCO. Kama dishi, mlingoti au waya wenyewe uko karibu na waya unaotoka kwenye nguzo, chini ya mita tatu, kazi hiyo si yenu. Simameni hapo. Toeni taarifa ofisi ya TANESCO wilayani. Hasa msisimamishe ngazi ya chuma wala bomba refu karibu na nyaya hizo. Na mwanzi mbichi au uliolowa nao hupitisha umeme, msidanganyike kwamba ni mti tu.

Nne, chagueni siku. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndio wakati mzuri. Subirini hadi saa nne au saa tano asubuhi, jua limekausha bati. Mkisikia ngurumo hata ya mbali, acheni kazi, ingieni ndani, na msirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Chomoa plagi za televisheni na king'amuzi ukutani. Kubonyeza rimoti hakutoshi.

2. Zima swichi kuu ya nyumba. Andika karatasi kubwa, "USIWASHE, KUNA MTU JUU", ibandike pale na mwambie kila mtu. Hapa sikiliza vizuri: kusema "Luku imeisha" si kuzima umeme. Shangazi anaweza kununua umeme akiwa Mbeya mjini na kukutumia namba, mdogo wako akaziingiza, wewe uko juu ya paa. Vilevile umeme wa TANESCO ukikatika, hujui utarudi saa ngapi. Zima swichi kuu hata kama nyumba iko giza. Kama mna sola au jenereta, zima navyo. Na kumbuka kwamba hata swichi kuu ikizimwa, waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye nyumba bado una moto.

3. Fundi apime kwa testa kwanza: bati, mlingoti na ncha ya waya. Ajaribu testa yake mahali penye umeme kabla ya kuzima, ajue kwamba inafanya kazi. Testa mbovu ni sawa na askari aliyelala.

4. Anzeni ndani. Fungua kichwa cha waya nyuma ya king'amuzi kwa kukizungusha kwa vidole. Funga ncha kwa utepe wa umeme ili nyuzi zake zisichome mtu.

5. Sasa nje. Kazi ya juu ya paa aifanye fundi mtu mzima, si mwanafunzi. Ngazi iwe kavu, imara, miguu yake ikae kwenye ardhi ngumu, na mtu mmoja aishike chini muda wote. Ukiweka ngazi, kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani. Fundi asibebe dishi mkononi akishuka. Alifunge kwa kamba na kulishusha taratibu, ninyi mkiwa mbali na chini yake.

6. Msiuvute waya kwa nguvu! Hili nalirudia. Waya mkavu na wa zamani unaweza kuwa umefungwa na waya wa taa. Ukiuvuta, unaubandua na huo mwingine. Ondoeni klipu moja moja kwa bisibisi au plaizi, kuanzia juu kwenda chini.

7. Sehemu iliyo ndani ya ukuta au darini, kama haitoki kwa urahisi, iacheni. Hakikisheni kwanza kwamba mmeshika waya uleule mwanzo na mwisho, kisha ukatwe pande zote mbili na ncha zake zifungwe kwa utepe. Kipande kifupi kilicholala ukutani, kisichounganishwa na mlingoti nje, hakina madhara yale. Kutambaa darini kwenye giza kukitafuta ndiko kwenye madhara.

8. Kama nyumba ni ya zamani na imeezekwa kwa vigae vya asbesto, vile vya kijivu vyenye mawimbi, msipande, msitoboe, msikate. Havihimili uzito, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye.

9. Zibeni matundu. La ukutani kwa saruji, ya kwenye bati kwa gundi ya mabati. Kwa mvua ya Tukuyu, tundu la msumari mmoja linatosha kuozesha kenchi.

10. Okoteni misumari, klipu na vipande vyote vya waya. Tunatembea pekupeku kwenye migomba, na wadogo zetu wanacheza hapo. Aliyechomwa na msumari aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.

Na shaba je? Najua wapo wanaochoma waya ili kupata shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ule moshi mweusi wa ganda la plastiki ni sumu. Unawasha macho na koo, unaumiza mapafu, na yeyote aliye karibu anauvuta pia, hata mtoto mgongoni kwa mama. Tena waya mwingi wa dishi ndani ni chuma kilichopakwa shaba kidogo tu. Unauza afya yako kwa bei ya karanga. Uza ulivyo, au mpe mwenye kuhitaji.

BABA AKISEMA "PANDA WEWE"

Hapa ndipo pagumu. Sisi tumelelewa kuwaheshimu wazazi, na ni vizuri. Mzazi akisema, "Wewe ni mwepesi, panda ukautoe ule waya mara moja," utafanyaje? Ukikataa kwa kiburi umekosea. Ukipanda kwa woga unaweza usirudi mzima. Ipo njia ya katikati: kataa hatari, usikatae kazi. Sema hivi:

"Sawa baba. Naomba kwanza nizime swichi kuu na nichomoe plagi. Ila kule juu bati limelowa, tena waya wa TANESCO uko karibu. Naomba tumwite fundi, mimi nitashika ngazi na kuokota misumari."

Umeona? Hujamvunjia heshima. Umempa sababu mbili na umejitolea kazi. Akikasirika, mwombe mama, mjomba au mwalimu azungumze naye. Mzazi anayekutuma juu ya paa mara nyingi hajui hatari yake, na hakuna aliyemwambia. Wewe sasa unajua.

AJALI IKITOKEA

Mtu akinaswa na umeme, usimshike! Utanaswa nawe. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umsukume waya kwa ubao mkavu. Lakini kama ni waya wa nguzoni, kaa mbali kabisa, mita kumi au zaidi, mpaka TANESCO wakate umeme.

Akishaachana na umeme na hapumui, usipoteze muda kumzika udongoni au kumpaka chochote. Mlaze chali kwenye sakafu ngumu. Weka viganja viwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka na kusema "niko poa," mpelekeni hospitali, kwa sababu moyo unaweza kuyumba baadaye. Kwa Tukuyu ipo Hospitali ya Wilaya pale Makandana. Wa upande wa Igogwe mna hospitali yenu ya misheni.

Aliyeungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, wala asali, wala mafuta.

Aliyeanguka, msimnyanyue mikono na miguu kama gunia la viazi. Shikeni kichwa chake kisitikisike, mfunikeni apate joto, na mkilazimika kumhamisha, tumieni ubao au mlango, watu wengi kwa pamoja.

MASWALI YENU

"Fundi ni ghali. Tufanyeje?" Kubalianeni nyumba tatu au nne za jirani, mwiteni siku moja, mgawane gharama. Kazi za chini fanyeni wenyewe. Kama ni fundi wa umeme, mwulizeni kama ana leseni ya EWURA. Si kumdharau, ni haki yenu.

"Mimi ni msichana. Kaka zangu wanasema haya si mambo yangu." Umeme hauulizi jinsia. Wewe ndiye unayebaki nyumbani na wadogo zako mvua ikinyesha. Jifunze swichi kuu iko wapi leo hii.

"Nyumbani wanasema radi hutumwa na mtu." Tumeyasikia wote. Lakini radi ni umeme wa mawinguni unaotafuta njia ya kufika ardhini. Ikipita kwenye mlingoti wenu, si kwamba jirani amewatuma. Ni kwamba mlingoti uko juu na ni wa chuma. Ukimsingizia bibi wa watu uchawi, umeongeza mtu wa pili wa kuumia, na mlingoti bado uko palepale.

Basi vijana, nawaachia kazi ya nyumbani. Leo jioni, kabla ya giza, zunguka nyumba yenu mara moja. Usiguse kitu. Hesabu nyaya, chora picha yako, kisha umwonyeshe mzazi. Kinga ni bora kuliko tiba.